Hifadhidata ya NASA ya sayari za mbali: unga na maji watakupa, ugali utasonga mwenyewe

Swali lilitoka dawati la nyuma, Jumatano, kipindi cha saba, saa ambayo hata mwalimu anatazama ukutani kuona muda. Tulikuwa kwenye mada ya mwanga, kioo bapa na sheria za uakisi, na darasa lilikuwa limeshalala macho wazi. Ili kuwaamsha nikachomekea kwamba huko mbali kuna sayari inaitwa Tanzanite. Si utani. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulizigawia nchi zaidi ya 100 nyota mojamoja, kila moja na sayari yake, zizipe majina. Tanzania ikaangukiwa na nyota iliyokuwa ikiitwa WASP-71. Nyota tukaiita Mpingo, sayari tukaiita Tanzanite. Darasa likachangamka. Halafu binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye tangu Januari sikuwa nimesikia sauti yake, akauliza: "Madam, sasa hiyo Tanzanite inang'aa kama tanzanite, au ni jiwe tu?"

Nikamwambia nitamjibu Ijumaa. Hiyo ilikuwa Februari. Nimemjibu Juni.

Miezi hiyo minne nimeimalizia ndani ya NASA Exoplanet Archive, usiku, baada ya kusahihisha madaftari, na naandika haya kwa mwalimu mwenzangu wa fizikia au mtu yeyote anayependa hesabu na anajiuliza kama huduma hii inamfaa. Jibu fupi: inafaa sana, ukijua kila namba imetoka jikoni kwa nani. Usipojua, itakuaibisha. Mimi iliniaibisha.

Kwa asiyeijua, hii ni hifadhidata ya mtandaoni inayoendeshwa na Caltech kule California kwa ajili ya NASA. Imekusanya sayari zilizothibitishwa kuzunguka nyota nyingine, sasa zimepita 6,000, na kila namba imefungwa kamba na makala ya kisayansi ilikotoka. Hakuna kujisajili, hakuna nywila, hakuna kulipa hata senti. Unafungua, unachagua safu unazotaka, unachuja, unapakua faili, unalifungua kwenye Excel. Basi.

Ushauri wa bure: tumia laptop. Jedwali ni pana kama jamvi la msibani, na kwenye simu utakuwa unalivuta kushoto na kulia mpaka usahau ulikuwa unasoma mstari wa sayari gani. Na uchague safu kabla ya kupakua. Mimi siku ya kwanza nilikuwa kwenye daladala, nikabonyeza kupakua jedwali zima na safu zake zote, bando la wiki likakata roho kabla hatujafika Msamvu. Kosa langu mwenyewe, simlaumu mtu.

Sasa, nilichokuwa nakitafuta. Wanaastronomia wanakiita albedo: kati ya mwanga unaoangukia sayari, ni kiasi gani unarudishwa. Sifuri maana yake sayari inameza kila kitu. Mwezi wetu, huu tunaoutungia mashairi, una kama 0.12 tu, sawa na lami iliyochakaa. Unatudanganya kwa sababu usiku una giza na Jua lina nguvu. Dunia inarudisha karibu 0.3 ya nishati yote inayoipata, kazi kubwa ikifanywa na mawingu. Theluji mbichi inafika 0.8 na zaidi.

Nyumbani neno hili halikuwa geni kama nilivyodhani. Mume wangu anauza mabati. Nilipomweleza akacheka: "Mama Faraja, hiyo si ndiyo kazi yangu ya kila siku? Mteja anataka bati jeupe kwa sababu la kijani linachoma." Kisha akaniambia jambo ambalo limenisaidia kuliko makala tatu nilizosoma. Bati jipya, ukisimama mahali fulani barabarani, linakupofusha. Ukisogea hatua kumi hulioni tena. Kwa hiyo ukiulizwa bati hili linarudisha mwanga kiasi gani, lazima kwanza useme unalitazama ukiwa umesimama wapi.

Ndiyo tofauti ya albedo mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, ya kijiometri, inapima mng'ao wa sayari ukiitazama Jua lake likiwa nyuma yako, kama mwezi mpevu, ikilinganishwa na sahani nyeupe kabisa ya ukubwa uleule. Hii inaweza hata kuvuka 1: Enceladus, mwezi wa Zohali uliofunikwa na barafu, una karibu 1.4, kwa kuwa unarudisha mwanga zaidi kuelekea ulikotoka. Ya pili, ya Bond, inajumlisha mwanga wa rangi zote unaoondoka kuelekea pande zote, na haiwezi kuvuka 1 hata siku moja. Ya kwanza inasema sayari inaonekanaje. Ya pili inasema inapata joto kiasi gani.

Jambo la kulijua kabla hujakaa: kwenye jedwali kuu la Archive hakuna safu ya albedo. Zipo za uzito, nusu kipenyo, urefu wa mwaka wa sayari, umbali wake na nyota, joto, hata pembe ya mwinamo wa mzingo. Uakisi haupo. Nilidhani sijaona vizuri, nikarudia orodha mara tatu kwa kidole.

Hapo ndipo nilipojitia ujanja.

Niliona safu ya joto la msawazo, yaani joto ambalo sayari ingekuwa nalo ikipokea nishati ya nyota na kuitoa yote. Fomula yake naifahamu: chukua joto la nyota, zidisha kwa kipeuo cha pili cha nusu kipenyo cha nyota gawanya kwa mara mbili ya umbali, halafu zidisha kwa kipeuo cha nne cha moja toa albedo. Nikajiambia, kumbe rahisi. Joto ninalo, nyota ninayo, umbali ninao. Nageuza fomula, albedo inatoka yenyewe. Nikaandika fomula kwenye Excel, nikaiburuta chini mistari mia kadhaa, nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi, karibu kila sayari ilikuwa na albedo ya sifuri. Sifuri, sifuri, 0.01, sifuri. Nyingine, moja hapa moja pale, 0.30 kavu. Chache zilikuwa na hasi, jambo ambalo hata shetani haliwezi. Nikakaa nikitazama. Kwa dakika kama kumi nilikuwa mwanamke pekee duniani aliyegundua kwamba sayari zote za ulimwengu ni nyeusi kama sufuria ya kuni. Nilimpigia simu rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Naona aibu kuandika nilichomwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu: "Dada, hilo joto limepimwa au limekadiriwa?"

Nikabonyeza viungo vya makala, kimoja baada ya kingine. Na kweli. Kwa sayari nyingi, hakuna aliyelipima joto hilo. Waandishi walilikokotoa kwa fomula ileile, wakidhania albedo ni sifuri. Wengine walidhania 0.3, kama ya Dunia. Mimi nilichofanya ni kurudi kinyumenyume kwenye hesabu zao na "kugundua" dhana waliyoanza nayo. Ni sawa na kumpa mtu shilingi elfu kumi akuhifadhie, kesho yake akikurudishia unashangaa alijuaje kiasi unachokihitaji. Zile hasi zilitokana na kuchanganya nusu kipenyo cha nyota kutoka makala moja na joto la makala nyingine.

Hilo ndilo onyo langu kubwa kwa anayeanza. Archive ina majedwali mawili makuu. Moja lina mistari mingi kwa kila sayari, kila mstari ukiwa na namba za makala moja. La pili limekusanya namba za huku na kule ili kila sayari iwe na mstari mmoja uliojaa. Hili la pili linavutia, lina mapengo machache, na ndilo lililonipoteza. Wenyewe wameandika wazi kwamba namba zake huenda zisiwiane kwa kuwa zimetoka vyanzo tofauti. Sikusoma. Nani husoma maelezo? Kwa kuchora grafu ya darasani litakufaa. Kwa kukokotoa kitu, nenda kwenye lile la kwanza, chagua makala moja, baki nayo.

Tena hata kama joto lingekuwa limepimwa kweli, njia hii ina udhaifu wake. Kipeuo cha nne ni kizito kuamka. Sayari ikirudisha nusu nzima ya mwanga, joto lake linashuka kwa asilimia 16 tu. Kwa hiyo kosa dogo kwenye joto linageuka kosa kubwa kwenye albedo. Watu wameipita njia hii wakafika, lakini kwa vifaa vya maana: mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima joto la upande wa mchana wa TRAPPIST-1 b na kupata karibu kelvini 500, sawasawa na unachotegemea kwa mwamba mweusi usio na hewa ya kusambaza joto. Kesi ikaonekana imefungwa. Kipimo kilichofuata, kwenye urefu mwingine wa wimbi la infraredi, kikaifungua tena.

Njia nzuri nilikuja kuipata kwenye safu ambayo mwanzoni niliiruka kwa sababu mistari mingi haina kitu. Inaitwa pl_occdep. Ni kina cha kufichwa.

Fikiria sayari inayozunguka nyota yake na mzingo wake umelala sawa na macho yetu. Ikipita mbele, inaziba kipande cha nyota, mwanga unapungua. Huo ndio mpungufu unaotangazwa kila siku. Lakini ikikaribia kwenda nyuma ya nyota, sisi tunaona uso wake wa mchana, karibu mpevu, na mwanga wake mdogo unajumlishwa na wa nyota. Ikishafichwa nyuma, kile kidogo kinatoweka. Tofauti ya kabla na wakati wa kufichwa ndiyo mwanga wa sayari yenyewe. Kama taa kubwa ya uwanjani yenye kipepeo mweupe anayeizunguka: humwoni kipepeo, ila ukiwa na kipimo chenye subira, akipita nyuma ya taa unaona mwanga wa uwanja umepungua kidogo sana.

Na hesabu yake haina kipeuo cha nne. Kina cha kufichwa, ukigawanya kwa mraba wa nusu kipenyo cha sayari juu ya umbali wake na nyota, unapata albedo ya kijiometri. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza.

Tuliifanya darasani kwa LTT 9779 b. Hii ni sayari ya ajabu: ina nusu kipenyo karibu mara 4.7 ya Dunia, na mwaka wake unaisha kwa saa 19. Unaamka ni Krismasi, kabla hujalala tena ni Krismasi. Setilaiti ya Ulaya iitwayo CHEOPS, iliyorushwa Desemba 2019, ilipima kina chake cha kufichwa: sehemu 115 kwa milioni, pungufu au zaidi 24. Majibu yalichapishwa 2023. Haya, nusu kipenyo ni kilomita 30,100. Umbali na nyota ni kilomita milioni 2.51. Gawanya: 0.012. Mraba wake: sehemu 144 kwa milioni. Yaani hata sayari hii ingekuwa na albedo ya 1 kamili, isingetupa zaidi ya 144. Imetupa 115. Gawanya 115 kwa 144.

0.80.

Kijana mmoja alisema "acha!" kwa sauti. Ni uakisi wa theluji, kwenye sayari yenye joto la nyuzi 2,000 hivi za Selsiasi mchana. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ina mawingu ya silikati na metali kama titani, mazito, yanayorudisha mwanga. Na namba yetu ya ubaoni, kwa chaki, ni ileile waliyoitangaza wao. Siku hiyo nilisahau hata uchovu.

Angalia vipimo, lakini. Archive inakiandika kina hiki kwa asilimia, makala nyingi zinatumia sehemu kwa milioni. 115 kwa milioni ni asilimia 0.0115. Kundi moja la wanafunzi lilisahau sifuri mbili likatuletea sayari yenye albedo 80.

Na usiache kuzungumzia kosa. Pungufu au zaidi 24 si pambo. Chukua 91, unapata 0.63. Chukua 139, unapata 0.97. Kwa hiyo tunachokijua kweli ni kwamba sayari hii inang'aa sana, kiasi gani hasa bado ni mjadala. Na mjadala umeendelea: James Webb ilipoitazama, matokeo yaliyotoka 2025 yalisema kwa wastani ni karibu 0.5, lakini nusu ya magharibi ya uso wa mchana ndiyo nyeupe, karibu 0.8, na ya mashariki ni kama nusu ya hiyo. Mawingu yanatanda upande wa ubaridi, yakifika kwenye joto yanayeyuka. Mimi ninayeishi Morogoro hilo sikuhitaji kuchorewa. Uluguru asubuhi una kilemba cha ukungu, saa sita huoni hata uzi.

Ukishanogewa na njia hii, kuna mtego mwingine, na huu hauna dawa kwenye jedwali lolote. Sayari hizi za karibu na nyota zina moto. Kitu chenye moto kinatoa mwanga wake. Mkaa uliowaka unaonekana gizani, na hakuna aliyeumulika. Kwa hiyo kile kimwanga kinachotoweka sayari ikifichwa ni cha kuakisi kiasi gani na cha moto wake kiasi gani? Ukiwa na kipimo kimoja, kwenye rangi moja, huwezi kutenganisha. Darubini ya Kepler ilitazama kati ya nanomita 420 na 900 hivi, na TESS inatazama kati ya 600 na 1,000, yaani imeegemea kwenye wekundu, ambako mkaa huonekana vizuri zaidi. Bila ya kuuondoa moto huo, utaiita nyeupe sayari ambayo ni jiko tu.

Waliolitatua vizuri, kwa maoni yangu, ni waliofanya Kepler-7 b. Kepler ilionyesha kimwanga kinachotoa albedo ya 0.3 na ushee. Wakaenda kwa darubini ya Spitzer, inayoona joto, wakatafuta moto. Hawakuuona wa kutosha kueleza mwanga ule. Kwa hiyo ni wa kuakisi, na kwa kuwa haukuwa sawa pande zote, mwaka 2013 wakatoa ramani ya kwanza ya mawingu ya sayari ya nje ya mfumo wetu. Hesabu yangu kwa namba za Archive ilinipa 0.31, wao 0.35. Kwa sayari ambayo hakuna aliyewahi kuiona kama hata nukta, hao ni majirani wa ukuta mmoja.

Upande wa pili wapo weusi, na ndio wengi kati ya sayari kubwa zenye joto. TrES-2 b ilikokotolewa 2011 kuwa na kama 0.025. Mkaa ni mweupe mbele yake. HD 209458 b, sayari ya kwanza kuonekana ikipita mbele ya nyota yake, mwaka 1999, ina hadithi ninayoipenda kuisimulia. Setilaiti ndogo ya Kanada, MOST, yenye kioo cha sentimita 15, iliitazama na jibu lililochapishwa 2008 lilikuwa 0.038, pungufu au zaidi 0.045. Kosa kubwa kuliko jibu! Wanafunzi walicheka, wakasema huyo angepata sifuri kwangu. Nikawaambia hapana, huyo anapata zote, kwa sababu alichosema ni hiki: sijaiona, ila ingekuwa nyeupe ningeiona. Miaka 14 baadaye CHEOPS ikaja na 0.096, pungufu au zaidi 0.016. Tazama kama imepingana na ya kwanza. Haijapingana.

Na HD 189733 b ni ya buluu. Mwaka 2013 Hubble ilipata 0.40 kwenye mwanga wa buluu na urujuani, na kwenye kijani chini ya 0.12. Sasa mtu akikuuliza albedo ya sayari hiyo ni ngapi, utamjibu namba gani? Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini safu ya albedo haipo kwenye jedwali kuu. Ingekuwepo, watu kama mimi wangeinakili bila kuuliza rangi gani, pembe gani, moto umeondolewa au la. Kuna hifadhidata nyingine, Exoplanet.eu, iliyoanzishwa Paris 1995, ambayo safu ya albedo ya kijiometri inayo. Niliifungua kwa furaha. Karibu yote ni tupu. Kwa kulinganisha majina na kupata mtazamo wa pili ni nzuri, ila kwa kazi hii nilirudi nilikotoka.

Tanzanite basi.

Waliogundua WASP-71 b waliipa nusu kipenyo karibu mara moja na nusu ya Mshtarii, na umbali na nyota wa karibu kilomita milioni 7. Uwiano ni 0.015, mraba wake ni kama sehemu 230 kwa milioni. Hiyo ndiyo dari. Ikiwa nyeusi kama TrES-2 b, kina chake cha kufichwa ni sehemu 6. Ikiwa nyeupe kama LTT 9779 b, ni 180 na kitu. Joto lake la msawazo, hili la kukadiria, ni karibu kelvini 2,050, joto ambalo chuma kimeshayeyuka zamani. Nilikokotoa mwanga wake wa moto kwenye nanomita 800 nikapata kama sehemu 12. Maana yake, ukipima ukapata 15 ukashangilia, huenda umepima jiko.

Na nusu kipenyo kikiwa kimekosewa? Tukajaribu: punguza kwa asilimia 20, eneo linapungua kwa asilimia 36, na kwa kimwanga kilekile albedo inapanda kwa zaidi ya nusu. Sayari ndogo nyeupe na sayari kubwa nyeusi zinaweza kutupa mwanga uleule. Kwa Tanzanite tuna bahati inapita mbele ya nyota, ukubwa wake unapimika. Kwa zile zisizopita, kama Proxima b, hata hilo hatuna.

Alama zangu: nyota nne kati ya tano. Moja nimeibakiza kwa sababu mbili. Maelezo yote ni ya Kiingereza kizito, na mwanafunzi wangu wa kawaida atahitaji mtu wa kukaa naye; mimi nimeshaandika karatasi mbili za Kiswahili zinazoeleza safu kumi za muhimu, na zinatosha. Ya pili ni hilo jedwali la mkusanyiko, ambalo ningependa onyo lake liwe jekundu na kubwa kama la nguzo ya umeme. Mengine yote, kwa kitu cha bure, siwezi kulalamika. Kile kitendo cha kubonyeza namba na kuona makala ilikotoka peke yake kinatosha kuwafundisha watoto sayansi ni nini. Kama unataka namba moja ya haraka ya kuweka kwenye bango la maonesho, huduma hii itakuchosha. Kama una daftari la hesabu, kikokotoo na jioni tano, karibu.

Juni, wiki ya mwisho kabla ya likizo, nikamwita yule binti mbele. Nikachora duara kubwa la Mpingo, ambayo, kwa taarifa yako, ni nyota yenye joto kuliko Jua na haina weusi wowote wa mpingo, na kiduara cha Tanzanite. Nikamweleza dari ya 230, sakafu ya 6, jiko la 12.

"Kwa hiyo Madam, hujui."

"Sijui. Ila najua jibu liko kati ya wapi na wapi, na najua tukilitafuta tutafute kitu kikubwa kiasi gani."

Akafikiri. Baba yake amewahi kufanya kazi Mererani, hilo nililijua siku hiyo. Akasema tanzanite yenyewe ukiigeuza inabadilika, upande huu buluu, upande huu zambarau, upande mwingine kama divai, kwa hiyo hata ukiishika mkononi mtu akikuuliza ina rangi gani lazima umwulize unaishika vipi. Kisha akaomba flashi yenye lile faili.

Nimempa. Amefuta safu ya joto la msawazo yote, na ameniandikia pembeni kwa nini.